Mume wangu kachagua tustaafie jangwani, mji uleule alikozikwa mke wake wa kwanza

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi. Naingia, nasoma vituko vya watu, nacheka peke yangu, natoka bila hata ku-like. Leo nimeleta changu.

Sitaongeza chumvi, maana yenyewe imeshakolea. Pale nilipokosea nitasema nimekosea. Mkitaka kunichamba nichambeni, nina ngozi ngumu, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Nianze kwa kukiri. Nina wivu. Na sio ule wivu wa kupekua simu ya mume kuangalia nani kampigia. Mimi namwonea wivu marehemu.

Ndiyo, mtu aliyekufa. Msinicheke bado.

Naandika nikiwa Durban, Umbilo, kwenye flat iliyobaki na godoro, cherehani na maboksi. Mvua inanyesha tangu juzi na ukuta wa chumbani umeota ukungu tena, ule mweusi, unaufuta Jumatatu na Ijumaa umerudi. Mume wangu yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, jangwani, na mwanamke wake mwingine yuko kule kule chini ya ardhi. Mimi niko huku nafunga vyombo kwa magazeti.

Sasa niwatambulishe watu.

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, miaka hamsini na mbili. Nina kijiduka cha ushonaji pale Umbilo Road: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, uniform za shule. Mume wangu nitamwita Baba Nasra, kwa jina la binti yetu ambaye sasa yuko chuo. Ni mtu wa Pangani, ana miaka sitini na nne.

Zamani alikuwa dereva wa malori ya masafa, Durban kwenda Namibia na kurudi. Baadaye aliacha barabara akapata kazi kwenye yadi ya makontena karibu na bandari. Huko ndiko kifua kilikoharibikia. Vumbi, moshi wa dizeli, halafu unarudi nyumbani kwenye unyevu wa Durban ambao hata chumvi kwenye kopo inalowa.

Kwa miaka miwili mume wangu alikuwa analala amekaa. Mito mitatu mgongoni, inhaler mkononi. Mimi nalala pembeni nasikiliza pumzi zake.

Daktari wetu yuko kule juu Berea, dada mmoja mpole sana. Akamwambia, "Baba, siwezi kukuahidi kupona. Lakini kama una mahali pakavu pa kwenda, kwa kifua hiki nakushauri uende. Hewa hii ya hapa haikufai."

Baba Nasra alifika nyumbani akatandika ramani ya malori mezani, ile ya zamani iliyochanika kwenye mikunjo. Akaweka kidole Northern Cape.

Nikamwambia, "Jangwani? Sisi watu wa pwani?"

Akasema, "Pwani ndiyo inaniua, Mama Nasra."

Akaacha kazi, akaniambia tutachagua pamoja, akaandika miji mitatu nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja. Nikaona sawa. Cherehani unaweza kuiweka popote, watu wa jangwani nao wanavaa suruali.

Mpaka siku aliposhuka Maman Béa.

Maman Béa ni jirani wa flat ya juu, Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele. Mtu mzuri sana, ila habari haimkai tumboni. Akaniambia, "Mama Nasra, kumbe mnaenda mbali hivyo? Bwana yako aliambia bwana yangu anaenda kupumzika kule kwa bibi yake."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Bibi yake Baba Nasra alizikwa Pangani kabla huyu mzee hajaota ndevu! Nikamwambia, "Alikuwa anatania huyo."

"Non, alisema vraiment, ya kweli. Hakuchekaka."

Nikapuuza. Siku mbili zimepita, niko kwenye cherehani natengeneza zipu ya jinsi, ghafla akili ikanikaa sawa. Wakongo wakisema bibi hawamaanishi mzaa mama wala mzaa baba. Na mume wangu akiongea na Wakongo anaongea kama wao, miaka ishirini kaishi nao.

Nikapanda ngazi na sindano bado iko mdomoni. "Béa, ile juzi. Bibi kwenu ni nani?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Bibi si ni bibi? Kama wewe, bibi ya Baba Nasra."

Wakuu, nilitoa sindano mdomoni nisije nikaimeza.

Maana bibi yake wa Umbilo ni mimi, na mimi niko hapa. Kule jangwani ana bibi gani? Nikateremka, nikafungua daftari la vipimo, nikasoma ile miji mitatu upya. Wa tatu, ambao mara ya kwanza niliupitia haraka, nikautambua. Mji wenyewe nausitiri, ni mdogo, kando ya mto Orange, watu wanajuana.

Ndiko alikozikwa Zuhura.

Zuhura alikuwa mke wake wa kwanza. Mtu wa kwao Pangani, alimfuata mume Afrika Kusini, wakapanga katika mji huo kwa sababu uko kwenye njia ya malori. Alikuwa anawapikia madereva. Waliishi miaka minne, akaugua ghafla, akafa, hakuacha mtoto. Mimi nilikuja baadaye, kwa ndoa ya halali, na nimekaa na huyu mwanaume miaka ishirini.

Nilijua habari zake tangu mwanzo, sikudanganywa. Lakini hakuna mtu aliyenieleza jinsi ya kuishi na mke mwenza asiyekosea.

Ndilo tatizo la marehemu. Huwezi kumkuta na kosa. Nikiunguza wali, Zuhura hajawahi kuunguza. Nikinuna, Zuhura alikuwa mcheshi. Baba Nasra hasemi hivyo, tuwe wakweli, anasema tu, "Marehemu naye alikuwa anapenda samaki wa kupaka," basi, anaendelea kula. Mimi chakula kinanikwama.

Halafu kafa na miaka thelathini na moja. Mimi kiuno kinaongezeka, magoti yanalia, meno ya nyuma nimeshang'oa mawili. Yeye yuko vilevile.

Na hilo neno kupumzika. Kwa lugha yetu mtu akistaafu anapumzika, na mtu akifa kapumzika. Sasa mume wangu alimaanisha kupumzika kupi? Kukaa kwenye kiti barazani, au kulala ubavuni kwa Zuhura mpaka kiyama, halafu mimi nije nitupwe huko nitakakotupwa?

Mtu mwenye busara angemwuliza mumewe. Mimi sikumwuliza. Nikajibaraguza, nikatabasamu, nikasema twende tukaone miji yote mitatu. Moyoni nimeshaapa kwamba ule wa tatu hatuhamii.

Tulisafiri Januari.

Hapa naomba nitoke pembeni kidogo niwape elimu, maana humu kuna watu wanaota kustaafu sehemu za joto kavu na wanaangalia picha tu. Ukitaka kuchagua jangwa, nenda ukalione likiwa limekasirika. Januari kule joto linapita arobaini. Ukienda Julai utapenda kila kitu. Fika, onja maji ya bomba kabla hujaonja chai. Uliza zahanati wana oksijeni au wanaazima. Na angalia saa nane mchana wazee wa mji wamekaa wapi, hapo ndipo penye kivuli cha kweli.

Sasa mji wa kwanza. Mimi nikaanza kuusifia kabla hatujazima gari. "Angalia barabara pana! Angalia duka kubwa! Msikiti ule pale, tena umepakwa rangi!" Baba Nasra akaonja maji, akatema. Chumvi tupu.

"Tutazoea," nikasema.

"Mama Nasra, mimi nina presha pia."

Mji wa pili. Nikausifia mara mbili. Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa na madirisha makubwa pande zote, na mimi mtoto wa pwani nikiona dirisha kubwa roho inaburudika, nataka upepo upite. Kweli upepo ukapita, wa moto, umebeba mchanga. Baba Nasra akakohoa pale pale sebuleni mpaka akakaa chini. Mwenye nyumba akaleta maji.

Na mimi, Mungu ananiona, bado nilisema, "Labda tukiweka pazia zito."

Nimeandika hiyo sentensi na nimeifuta mara tatu, lakini niliahidi ukweli. Mume wangu kakaa chini anatafuta pumzi, mimi namtafutia pazia, kwa sababu tu mji uliobaki una kaburi.

Mji wa tatu tuliingia jioni. Mizabibu kando ya mto, nyuma yake mawe na mchanga hadi macho yanapoishia. Sikuusifia. Niliangalia dirishani upande wangu.

Nyumba ilikuwa mbaya, nasema mbaya! Kuta nene, madirisha madogo, bati limefifia. Mama mwenye nyumba, mzee wa Kizungu anayehamia kwa binti yake, akanieleza utaratibu. Asubuhi jua likianza kuuma unafunga madirisha yote na mapazia. Likizama ndipo unafungua. Mchana unaishi gizani, ndani baridi. Na baraza iko upande wa kusini, kwa sababu huku jua linapitia kaskazini. Nikamwona huyu mama anajua, na ndiyo nikazidi kukasirika, maana sikupata kasoro.

Alituruhusu tulale hapo siku kadhaa tujaribu.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta upande wa mume wangu umenyamaza. Nikashtuka, mkono ukaenda kifuani kwake. Kalala chali. Mto mmoja. Kinywa kimefungwa, anapumua kwa pua, taratibu, kifua kinapanda na kushuka bila mluzi. Inhaler iko juu ya meza, mbali.

Miaka miwili sijamwona amelala hivyo.

Mke mwema angelia kwa furaha. Mimi machozi yalinitoka pia, lakini wakuu, mengine yalikuwa ya hasira. Nilijiuliza, kwa nini pumzi zake ziko hapa? Katika jangwa lote hili, kwa nini hapa?

Siku ya tatu asubuhi nikaamua. Kama pumzi zake ziko kwa Zuhura, sawa, aje apumue. Lakini kulala naye milele, hapana. Nitaenda kuizuia ile nafasi ya pembeni. Nitaishika mimi, kwa jina langu.

Mnielewe nilikotoka. Kwetu Tanga makaburi yana wenyewe. Ukoo fulani upande huu, ukoo fulani chini ya ule mti, baba analala karibu na baba yake, mke karibu na mumewe, inajulikana. Na sisi wanawake hatuendi kuzika. Tunabaki nyumbani na vilio na sufuria, wanaume wakirudi tunauliza, "Mmemlaza wapi?" wanasema, "Kwa baba yake." Nimefikisha miaka hamsini na mbili sijawahi kuona kaburi linavyopangwa. Nilidhani ni kama viti vya basi, unawahi unaweka mtandio.

Nikamwambia Baba Nasra naenda kutafuta mkate. Nikavaa baibui, nikauliza njia mpaka makaburi ya Waislamu, nyuma ya mji, uwanja mdogo wenye ukuta mfupi. Nikamkuta msimamizi, mzee wa asili ya Cape, wanamwita Boeta. Ameshika reki anasawazisha mchanga.

Tuliongea Kiingereza, nami nikawa na adabu zote. Nikamwambia natafuta kaburi la Zuhura, na ningependa ile nafasi ya pembeni yake iandikwe jina langu.

Boeta akaegemea reki.

"Mama, hapa hakuna booking. Ukifa unalala pale safu ilipofika. Kama ni tajiri, kama ni maskini, unamfuata aliyekutangulia. Twende nikuonyeshe."

Akanipeleka safu ya pili. Kibao kidogo, jina la Zuhura, basi. Upande wa kulia kwake mtoto mchanga. Upande wa kushoto mzee mmoja aliyekuwa muuza mikate wa mji, kazikwa wiki moja baada yake.

"Na sasa safu imefika ngapi?" nikauliza.

"Ya saba. Zimebaki nafasi nne iishe."

Wakuu, nilicheka. Nilicheka makaburini, kwa sauti, nimeziba mdomo kwa baibui. Miaka yote hii mimi nalia na Zuhura, kumbe ubavuni kwake kalala muuza mikate! Moyo ukawa mwepesi, ningeweza kumkumbatia yule mzee na reki yake.

Boeta naye akatabasamu, bila kujua ananichinja. Akasema, "Ni ajabu. Wewe ni wa pili wiki hii kuniulizia nafasi hiyo. Juzi alikuja mzee mmoja mrefu, anatembea polepole. Kofia yake nzuri sana, ya kushonwa kwa mkono."

Hiyo kofia niliishona mimi. Miezi mitatu, tundu kwa tundu, macho yakaniuma.

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza kama anaweza kulazwa pembeni ya mkewe. Nikamjibu kama nilivyokujibu wewe. Akashukuru, akasoma dua, akaondoka."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Kwa hiyo wivu wangu haukuwa wa kichaa, mnaona? Nilikuwa sahihi. Na kuwa sahihi kuliuma kuliko kuwa kichaa, sijui niwaambieje.

Nilirudi bila mkate.

Nilimkuta ndani, madirisha yameshafungwa, amekaa gizani anasikiliza redio kwa sauti ya chini. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Natoka kwa Boeta."

Akazima redio. Hakujifanya hamjui, kwa hilo nampa sifa.

"Umeambiwa."

"Nimeambiwa. Miaka ishirini, Baba Nasra! Nimekufulia, nimekupikia, nimekuzalia, nimekukalia macho ukikohoa. Halafu ukifa unataka kwenda kwa mwingine?"

Akaweka redio pembeni. Kisha akasema, "Zuhura nilimleta mimi huku. Alikuwa hataki. Alikuwa anasema nchi hii haina hata mnazi. Nikamwambia miaka miwili tu tunarudi. Hana mtoto, hana ndugu, hakuna anayemsomea hata Fatiha. Nilipoona nakuja kukaa huku nikasema labda nikilala karibu itakuwa nimerudisha kidogo. Sikujua kama nafasi imeshachukuliwa."

"Na mimi?"

"Wewe una Nasra. Wewe hutakosa mtu."

Eish. Hilo jibu sikulipenda na mpaka leo silipendi. Linaingia akilini, lakini moyoni linagonga mlango tu. Nikajibu kwa hasira, na hasira ikanifanya niropoke ambacho sikukusudia kukisema.

"Basi ujue na mimi nilienda kukuzibia! Nilitaka ile nafasi iandikwe jina langu, ukifika ukute nimeshakaa!"

Akanitazama. "Ulitaka kulala na Zuhura?"

"Nilitaka usilale wewe!"

"Yaani uzikwe pale, Zuhura kulia, wewe kushoto, mgombane mpaka kiyama?"

"Muuza mikate kaniwahi," nikasema.

Mume wangu akaanza kucheka. Akacheka akapiga paja, akatupa kichwa nyuma, akafuta machozi, akacheka tena. Mimi nimenuna nimesimama pale pale, nimeshasogeza mkono kwenye inhaler, maana Durban alikuwa ameacha kucheka kabisa, akicheka mara mbili tu kicheko kinageuka kikohozi, tunakimbizana na dawa.

Hakikuja kikohozi.

Alicheka mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akaniangalia na yeye kashangaa.

Nikaweka inhaler chini. Nikamwambia, "Sharp, nimekubali. Mpigie mama mwenye nyumba."

Tumepanga kwa mwaka mmoja kwanza. Yeye alihamia Machi, mimi nikabaki Durban kumaliza kazi za wateja na kumpisha atakayechukua duka. Maman Béa amenisaidia kufunga sahani, analia kila boksi likijaa. Nilimweleza kisa chote. Akasema, "Wivu kwa mufu, Mama Nasra? Mufu hawezi kukuibia bwana." Nikamwambia wewe hujamjua Zuhura.

Msidhani wivu umeisha. Ningewadanganya. Baba Nasra ananitumia voice note kila Ijumaa, sauti yake safi, haina mluzi, anasema katoka msikitini kapitia makaburini. Mimi nasikiliza huku robot, yaani taa za magari za pale kona, inageuka nyekundu na kijani na magari ya bandarini yanapita, nahesabu dakika ngapi kakaa kule. Sauti yake nzuri inanifurahisha, na papo hapo kijiba cha roho kinanipanda, kwa nini uzima wake aupate karibu na yule. Vyote viwili viko ndani yangu na havipishani.

Sasa kilichonileta humu ni simu ya jana.

Kanipigia mchana. Sauti ya chini kidogo. Kasema, "Leo tumezika. Yule mzee aliyekuwa anatengeneza baiskeli karibu na msikiti. Alikuwa mtu wangu wa barazani."

Mtu mwenye utu angesema innalillahi. Angesema pole mume wangu, umepoteza rafiki, na mji bado mgeni kwako. Hayo yote nayajua, mama yangu alinifunza.

Mimi, kabla hata hajamaliza, nikauliza, "Safu imefika wapi?"



Nilishajizoesha, ndiyo ukweli. Tangu ahamie kule kila akinitajia msiba, mimi kichwani nasogeza hesabu. Zuhura safu ya pili, sisi ya saba. Kila maiti ya mji ule inamweka Zuhura mbali kidogo na mume wangu, na mimi huku Umbilo nikishona napata nafuu.

Akanijibu taratibu, bila hasira.

"Ya saba imejaa, Mama Nasra. Kesho Boeta anaanza kuchimba safu ya nane. Unaniharakisha?"

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokihesabu. Miezi yote nilidhani napima umbali wa Zuhura, na kumbe nilikuwa naisogelea nafasi ya mume wangu, moja moja, kwa furaha.

Nikasema tu, "Kula umekula?" Akasema kala. Nikasema funga madirisha. Akasema kafunga.

Nikatoka na mvua ile ile nikaenda kubadilisha tiketi. Nilikuwa niondoke mwisho wa mwezi, sasa naondoka keshokutwa. Suruali sita za watu nimezimaliza leo, mbili zilizobaki nimempa Béa awape wenyewe kama zilivyo.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo na nimekipata kwa kuumia. Kama unachagua mahali pa kuzeekea na mwenzako, ulizaneni kila mmoja anatafuta nini huko kabla hamjapakia gari, hata kama jibu litakuuma. Mimi niliogopa jibu la siku moja, nikakaa na wivu miezi, na nusura nimkoseshe mtu hewa. Siku tulizobakiza nilikuwa nazitumia kugombania siku za baada ya kufa.

Wenye wake wenza walio hai, mlioolewa na waliofiwa na wake, mliooa wajane, mliopo jangwani na mliopo kwenye ukungu, niambieni: ukifika, unaanzaje kumwomba msamaha mtu uliyemhesabia kaburi? Na je, nipitie kwanza nyumbani au nipitie kwanza kwa Zuhura nimsomee na mimi Fatiha? Nasoma comments zote njiani, nina saa nyingi za basi.